Kitanda cha Chumba Namba Nne

Chwa. Chwa. Chwa.

Ulikuwa ufagio. Mama Chiriku aliusikia kabla hajajua yuko wapi. Giza lilikuwa bado limejaa chumbani, dari iko juu mbali, na kitanda kilikuwa kipana hivi kwamba mkono wake ulipapasa mara tatu kabla ya kumgusa mtu. Ndipo akakumbuka. Wako hotelini, wamefika jana jioni. Anayekoroma ni mume wake. Aliyelala amekingama katikati yao kama komeo la mlango ni binti yao wa miaka minne, ambaye watu wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika isipokuwa usingizini. Na huo ufagio unaochapa mawe ya ua huko chini ni wa mtu mwingine, katika nyumba ya mtu mwingine, haumhusu hata kidogo.

Chwa. Chwa.

Angeweza kugeukia ukutani akaendelea kulala. Mgeni wa hoteli hulala, ndiyo kazi yake. Lakini mama mkwe wake alikuwa na msemo: ukisikia ufagio wa mwenzako nawe bado uko kitandani, jua unafagiliwa wewe. Katika miaka mitano ya ndoa msemo huo ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa. Akajikaza kubaki. Akashindwa. Akaweka miguu sakafuni.

"Sogea kidogo," akamnong'oneza mumewe.

"Kuna nini?"

"Natandika."

"Unatandika na mimi nimo?"

"Ndiyo maana nimekwambia usogee."

Baba Chiriku alikuwa fundi saa, mtu wa subira, aliyezoea kukaa siku nzima na kitu kisichotaka kutembea. Akajiviringisha mpaka ukingoni, akaenda kuketi kwenye kiti huku macho amefumba na mtoto amemlalia begani kama gunia la unga. Mkewe akatoa mashuka yote, akayakung'uta nje ya roshani, akayarudisha na kuyanyoosha mpaka nzi akitua ateleze. Mito akailaza chini ya shuka la juu, kama afanyavyo nyumbani, ili isishike vumbi. Chandarua akakishusha na kukichomeka chini ya godoro pande zote nne. Kisha akafungua mlango polepole, akaona ufagio umeegemea pale ngazini, akauazima, akafagia chumba kizima, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, mpaka pembe za roshani. Glasi mbili walizonywea maji jana akazisuuza na kuzipindua juu ya kitambaa.

Kulipopambazuka chumba kilikuwa safi kama yai, na moyo wake umetua.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mumewe akasema huku akitafuta kiatu. "Wewe jembe umejipa mwenyewe, na siku ya kwanza bado haijaanza."

"Sitamwachia mwanamke mwenzangu kitanda kilichovurugika. Atanionaje?"

"Atakuona mgeni."

"Na wewe atakuona mume wa mvivu. Vaa kiatu."

Walikuwa wamefika katika jiji hilo la zamani kwa sababu ya saa. Katikati ya jiji palikuwa na jengo refu la mawe lililojengwa na wakoloni, lenye mnara, na juu ya mnara saa yenye nyuso nne iliyokuwa imegoma miaka kumi na mmoja. Nyuso zote nne zilisema saa kumi na dakika kumi. Wenyeji walikwisha kuizoea. Mtu akichelewa miadi aliomba radhi kwa kusema amefuata saa ya mnara. Mwaka huu wakubwa wa jiji waliona aibu, wakamwandikia fundi. Barua ilisema atapewa chumba kwa usiku sita katika hoteli ndogo iliyo karibu, "pamoja na familia yake akipenda." Mama Chiriku alipenda kabla barua haijakunjwa. Yeye alikuwa anashona sare za shule nyumbani, na hiyo ilikuwa wiki ya likizo, akaifunika cherehani yake kwa kitambaa kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala, akafunga nguo katika mfuko aliouunga mwenyewe kwa vipande vya vitambaa, akamwambia binti yake, "Tunakwenda kuwa wageni."

Alikuwa hajawahi kulala hotelini. Hilo hakutaka mtu alijue. Kwa hiyo alipanda ngazi polepole kama mtu aliyechoka na ngazi za namna hiyo, na alipoonyeshwa bafu lenye maji ya moto aliitikia kwa kichwa tu, kana kwamba ya kwao ni ya moto zaidi.

Hoteli yenyewe ilikuwa na vyumba saba. Ilikuwa nyumba ya ofisa mmoja wa forodha wa wakati ule wa ukoloni, yenye kuta nene ambazo ukiweka kiganja saa sita mchana unakuta zimepoa kama mtungi. Madirisha yalikuwa ya vipande vya mbao vilivyolaliana, hivyo asubuhi jua liliingia chumbani kwa mistari, na Chiriku aliruka mstari hadi mstari mpaka akafika mlangoni. Juu ya mlango wa mbele palichongwa herufi mbili za jina la yule ofisa. Mwenye hoteli, mjane wa miaka sitini na kitu aliyetembea na shada la funguo kiunoni, hata watu wakamwita Mama Funguo, hakuzifuta.

"Ziache," aliwaambia walipokuwa wakiandikishwa. "Yeye alikaa humu miaka tisa. Mimi nina thelathini na miwili. Sasa hapo nani mgeni?"

Siku zikaenda vizuri kupita alivyotarajia. Asubuhi fundi alipanda mnarani na sanduku lake la vyuma. Mama na mtoto walinywa chai kwenye roshani, kisha walitoka kutembea. Waliipita mitaa myembamba ya mawe, ambako viguzo vya chuma vya roshani vilisokotwa kama ususi wa nywele. Waliipita posta ya zamani yenye nguzo nene. Walikaa kwenye kiwanja chenye msingi mkubwa wa sanamu usio na sanamu. Palikuwa na gavana hapo, muuza karanga aliwaeleza, amepanda farasi. Siku ya uhuru alishushwa. "Njiwa ndio hawakuambiwa," akasema. "Mpaka leo wanakuja kumkalia."

Chakula cha mchana walikula hapohapo juu ya msingi wa gavana, pamoja na baba, aliyeshuka mnarani amejaa masizi mpaka kwenye nyusi.

"Umeshajua inaumwa nini?" mkewe akamuuliza siku ya Jumatano.

"Mafuta."

"Imekosa mafuta?"

"Imezidishiwa. Kuna mtu, sijui ni mlinzi gani, aliiona imechoka akaihurumia. Akaimiminia mafuta ya kupikia. Yameganda humo ndani kama nta. Natumia siku tatu kukwangua wema wa mtu mmoja."

Mama Chiriku alicheka mpaka akapaliwa. "Kwani hakuuliza?"

"Mwenye huruma huuliza?"

Na kila alfajiri, chwa, chwa, ufagio uani, naye mama Chiriku akaamka, akatandika, akafagia, akasuuza. Mumewe siku ya pili alijifunza kusogea bila kuamka.

Aliyekuwa akihudumia vyumba alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na moja au miwili, amefunga kitambaa kichwani, miguu myepesi. Hotelini kila mtu alimwita dada, na Chiriku naye akamwita dada. Jumanne mchana mama Chiriku alimkuta uani akianika mashuka, akasimama kumsaidia kushika ncha moja, na kwa jicho la mshonaji akaona viraka. Shuka lilikuwa na viraka vitatu, kimoja kidogo kama ukucha, vimeshonwa kwa sindano ya mkono hivi kwamba ungevipapasa usingevisikia.

"Nani ameshona hivi?"

"Mama Funguo mwenyewe. Anasema shuka jipya halijui watu."

Wakacheka. Ncha kwa ncha wakakunja, wakakaribiana, wakaachana, wakakaribiana tena, kama wanawake wakunjao mashuka walivyo popote. Na katika kukunja watu husema. Dada alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili, amemwacha kwa mama yake, safari ya siku nzima kutoka hapo. Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Jumamosi hii inatimia. Akipita, ataajiriwa, na mwajiriwa hupewa chumba cha nyuma ya jiko, na Mama Funguo amekwisha kusema hana neno na mtoto, nyumba bila mtoto ni bohari.

"Nilipoondoka alikuwa anasema maneno mawili," dada akasema. "Mama ananiambia kwenye simu sasa ni mengi. Mimi sijayasikia hata moja."

Mama Chiriku akamtazama binti yake, aliyekuwa anaongea na vibanio vya nguo kimoja baada ya kingine.

"Jumamosi ni kesho kutwa tu na siku mbili," akasema. "Utapita. Mtu anayekunja shuka hivi?"

Dada akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaliangalia shuka lililo mkononi, akalimeza jambo lake. Mama Chiriku akadhani alitaka kumshukuru kwa ajili ya kile kitanda, akaona haya. Akapanda juu akiwa amejipenda kidogo.

Alhamisi jua lilikuwa kali. Walikwisha kufika mtaa wa posta Chiriku alipojishika kichwa na kusema kofia yake imebaki chumbani, na bila kofia mawazo yake yanachemka. Wakarudi. Walipokuwa katikati ya ngazi walisikia sauti ya Mama Funguo. Mlango wa namba nne ulikuwa wazi.

"Jumatatu nilisema labda amechoka. Jumanne nikasema labda amesahau. Jana nikajizuia. Leo basi. Angalia hiki kitanda."

Hatua zikazunguka kitanda, funguo zikilia.

"Mito umeifukia kama viazi. Chandarua umekichomeka mchana kweupe, mtu akitaka kukaa kitandani mpaka avunje boma. Pembe za shuka ziko wapi? Nilikufundisha pembe wiki ya kwanza. Na usiniambie hujui, kwa sababu namba moja na namba mbili, kwa wale wenye masanduku ya magurudumu, unatandika mpaka natamani nilale mimi. Ukipanda huku kwa fundi na mkewe, unalipua kazi. Kwa nini? Kwa sababu wamekuja na mfuko wa vitambaa?"

"Nisamehe, mama," ikaja sauti ya dada, ndogo.

"Sikugombezi kwa ajili ya pembe. Asiyejua kukunja pembe nitamfundisha mpaka ajue. Lakini mtu anayepima wageni kwa masanduku yao, huyo nimfundishe nini? Mgeni wangu ni mgeni, awe balozi, awe mkwezi wa minara. Jumamosi tutaagana vizuri, nitakuandikia barua nzuri. Lakini tutaagana."

Mama Chiriku alikuwa ameshika ukuta. Damu ilimpanda usoni, ikashuka, ikapanda tena. Kitanda chake. Kitanda alichokinyoosha mpaka nzi ateleze, ndicho hicho kinachoitwa kulipua.

"Mama," Chiriku akanong'ona, "kwa nini dada anagombezwa?"

"Nyamaza kwanza."

Wakajibanza kwenye kona ya ngazi mpaka Mama Funguo akateremka, funguo zikilia kiunoni. Dada alishuka baadaye kwa ngazi za nyuma. Wakamfuata hadi kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa ameinamia beseni, na hakuwa anafua kitu. Beseni lilikuwa tupu.

"Kwa nini hukumwambia?" mama Chiriku akauliza. "Kwamba ni mimi?"

Dada akajifuta uso kwa kiwiko. "Jumatatu nilipofungua mlango nilidhani nimekosea chumba. Nikatoka nikasoma namba. Nikarudi. Nikasema, basi, huyu mama hataki mikono ya mtu kwenye kitanda chake. Wako wageni wa hivyo. Nikitandua niweke cha kwangu, utasema napekua. Nikaacha."

"Sawa, lakini leo? Amekuambia utaondoka."

"Nimwambie mgeni anafagia? Hapa mgeni kushika ufagio ni kama nyumba kushika moto. Angeniuliza, ulimfanya nini mpaka akafika huko? Na wewe angekuonaje? Nikanyamaza."

"Na mtoto wako?"

Dada akageuka. Akalifungulia beseni maji.

Mama Chiriku alisimama pale na mkono wa binti yake mkononi. Alijua la kufanya, na alijua gharama yake. Siku nne amejitahidi kuonekana mtu wa mahoteli, hagusi, hashangai, anateremka ngazi kama malkia. Sasa akasimame mbele ya mwenye nyumba aseme: mimi ndiye mgeni asiyejua kukaa kitako, mimi niliyeiba ufagio ngazini. Akaona jinsi yule mama atakavyoinua nyusi. Kisha akamfikiria mvulana mdogo wa miaka miwili, sehemu fulani, anasema maneno mengi kwa bibi yake.

Akapiga moyo konde. "Twende."

"Usiende, mama Chiriku. Utaniharibia zaidi. Atasema nimekutuma."

"Atasema. Twende."

Mama Funguo alikuwa mezani pake, chini ya kisanduku cha funguo kilichotundikwa ukutani, anatia uzi kwenye sindano. Shuka lilikuwa limemlalia mapajani.

"Mama, kitanda cha namba nne natandika mimi."

Mama Funguo hakuinua macho. "Kaa, mwanangu."

"Sitaki kukaa. Nimesema natandika mimi. Tangu Jumatatu."

"Nimesikia. Una moyo mzuri, na mama aliyekuzaa hakupata hasara. Lakini mimi niko kwenye meza hii miaka thelathini na miwili. Kila nikitaka kuagana na mfanyakazi, mgeni mmoja hushuka ngazi kuniambia kosa ni lake. Kuna mzee mmoja aliniambia ndiye aliyevunja kioo cha namba sita. Kioo hicho kilivunjika kabla mzee huyo hajafika mji huu." Akavuta uzi. "Huruma ya mgeni ni ya siku moja. Mimi ndiye ninayebaki na vyumba."

"Nafagia pia."

"Mgeni hafagii."

"Hata chini ya kitanda."

"Mgeni hajui kama kitanda kina chini."

Dada alikuwa amesimama mlangoni anaangalia vidole vya miguu yake. Mama Chiriku akahisi machozi yanakuja, akayarudisha yalikotoka.

"Basi panda unione," akasema. "Kitandue kwa mkono wako, mimi nitandike. Ukiona si kile ulichokuwa unakiona, mwache aende."

Hapo Mama Funguo akainua macho. Akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akasimama, funguo zikasema neno, na wote wanne wakapanda ngazi, Chiriku mbele.

Mama Funguo alikitandua mwenyewe, bila huruma: shuka huku, mto kule. Kisha akarudi nyuma hadi dirishani, akafunga mikono kifuani.

"Haya."

Mama Chiriku alikuwa hajawahi kutandika kitanda mbele ya mtu anayemkagua. Alipolishika shuka la kwanza, wazo baya likampitia: na leo akikosea? Mikono ikigoma, kikatoka kitanda kingine? Lakini mikono ina akili yake. Shuka likanyooka. Kiganja kikapita, kikarudi, kikapita. Mito ikalala, shuka la juu likaifunika. Chandarua kikashuka, akapiga magoti, akachomeka upande mmoja, akazunguka, akachomeka wa pili.

"Mito," Mama Funguo akasema.

"Isishike vumbi."

"Chandarua mchana?"

"Mbu wa kwetu hawaangalii saa."

"Chini ya godoro unachomeka kwa vidole viwili?"

"Kwa vidole viwili. Ukitumia mkono mzima kinachanika."

Alipomaliza alisimama pembeni, anahema. Kitanda kilikuwa pale, kimebanwa pande zote, hakina mlango wala dirisha, kilekile. Mama Funguo akakisogelea. Akainama akaangalia chini yake, akapitisha kidole sakafuni, akakiangalia kidole. Kisha akaketi kwenye kiti polepole, na mabega yakaanza kumtikisika, na funguo zote kiunoni zikalia, na ilichukua muda watu wajue kwamba anacheka.

"Siku nne," akasema alipopata pumzi. "Siku nne mgeni wangu anafagia, mimi niko chini nashona viraka." Akajifuta macho. "Lakini kwa nini, mwanangu? Umeona uchafu humu?"

"Hapana, mama. Niliona haya. Dada ni mtu kama mimi. Kwetu hatumwachii mtu kitanda."

"Kwenu kuzuri. Lakini angalia: umemwonea haya mwenzako mpaka karibu umnyang'anye kazi."

"Nimeona."

Mama Funguo akamgeukia dada, na kicheko kikamtoka usoni. "Na wewe ulifunga mdomo kwa nini?"

"Ulisema mgeni akishika ufagio ni kama nyumba imeshika moto."

"Sasa ukiona moto huniiti?"

Kona moja ya mdomo wa dada ikachezacheza.

"Nimekuita mtu wa kupima masanduku," Mama Funguo akasema, taratibu zaidi. "Neno hilo nalirudisha. Si mara nyingi narudisha neno, kwa hiyo lipokee." Akasimama. "Sasa kitandue hicho. Fanya kazi yako. Na wewe mgeni, keti hapa, na mikono yako niione."

Mama Chiriku akaketi. Hakujua kama aliwahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Akaikalia mikono yake, mmoja chini ya kila paja, maana liliponyanyuka shuka la kwanza ilitaka kwenda kushika ncha.

Dada alianza kwa woga. Kisha akalirusha shuka, nalo likapaa, likajaa hewa, likakaa juu kidogo kama linafikiri, likashuka bila kukunjamana, na Chiriku akatoa sauti ya furaha. Kuanzia hapo mikono ya dada ilisahau kuwa inatazamwa. Pembe ya kwanza akaivuta, akaikunja, akaiingiza, ikawa kama bahasha iliyofungwa kwa ajili ya mtu mkubwa. Ya pili hivyohivyo. Mito akaipiga mara mbili kila mmoja akaisimamisha wima kama wageni wawili waliofika kwa heshima. Chandarua akakisokota, akakipandisha, akakifunga fundo moja lililoning'inia juu ya kitanda kama kitunguu kikubwa cheupe. Mwisho akapitisha kiganja upande mmoja tu, mara moja tu, akarudi nyuma.

Kitanda kilikuwa wazi, kinamwita mtu. Mistari ya jua ilikilalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

Mama Funguo aliangalia. Hakusifu. Akaelekea mlangoni, na alipofika hapo akasema bila kugeuka, "Ukimaliza humu, kafungue madirisha ya kile chumba cha nyuma ya jiko, kipate hewa. Kuna kitanda kidogo, lakini mtoto wa miaka miwili hahitaji uwanja." Na ngazi zikasikika zikimshusha, na funguo zake, na kicheko kilichoanza upya huko chini.

Dada alibaki amesimama, ameshika mgongo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka bila kelele, naye hakujisumbua kuyafuta. Mama Chiriku akainuka kumwendea, wakashikana mikono, na hakuna aliyejua nani amshukuru nani, wala nani amwombe nani radhi, kwa hiyo wakaishia kucheka wote wawili, kicheko chenye maji.

Chiriku peke yake ndiye aliyeendelea na kazi. Alikizunguka kitanda upande hadi upande. Akachungulia fundo la chandarua juu. Akabonyeza pembe moja kwa kidole kimoja, akangoja kama itafunguka, haikufunguka. Akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono kifuani kama alivyomwona Mama Funguo, akafikiri, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka ngazini:

"Mama, kitanda cha dada ni kizuri kuliko chako."